Kabla ya kuuza kiwanja, tumtazame Kuffour

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kandanda, lakini si habari za nani kamfunga nani. Nataka tuzungumze juu ya kijana anayekwenda kucheza mpira wa kulipwa ng'ambo, na hasa kijana anayecheza ulinzi, yule ambaye viwanjani tunamwita namba nne au namba tano, au sentahafu kama wanavyosema wazee. Nimeichagua mada hii kwa sababu katika barua za wazazi zinazonifikia, swali ni lile lile. Amekuja mtu anayesema ni wakala. Amemwona mtoto wetu uwanjani, amempenda, na yuko tayari kumpeleka Ulaya. Lakini kwanza tutoe fedha za pasipoti, za viza, za tiketi na za "majaribio". Je, tuuze kiwanja?

Jibu langu nitalitoa, lakini nataka kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Wengi wetu tunamwona mchezaji siku mbili tu za maisha yake: siku anapopanda ndege, na siku anapoonekana kwenye televisheni amevaa jezi ya klabu kubwa. Ile miaka iliyo katikati hatuioni, wala hatuiulizii. Na kwa mlinzi, wasikilizaji, ile miaka ya katikati ndiyo kazi yenyewe.

Mfano wangu wa leo ni Samuel Osei Kuffour wa Ghana. Vijana wa leo huenda wanamjua kwa picha moja tu, ile ya fainali ya mwaka 1999, akipiga ardhi kwa ngumi mjini Barcelona. Hiyo nitaifikia. Mimi nataka tuanze na Kuffour ambaye hakuna aliyekuwa akimpiga picha.

Kuffour alizaliwa tarehe 3 Septemba 1976 mjini Kumasi, makao ya Waashanti, mji ambao mapenzi yake kwa mpira hayapungui yale ya Kariakoo au Gor Mahia. Akiwa bado mtoto alipitia timu ya King Faisal Babes ya hapo hapo mjini. Siku hizo Ghana ilikuwa na hazina ya vijana wa kutisha. Mwaka 1991 timu yake ya walio chini ya umri wa miaka 17 ilitwaa ubingwa wa dunia, na mashindano yale yalichezwa Italia, yaani mlangoni kabisa mwa wanunuzi. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona ya 1992, Ghana ilichapwa mabao 6-1 na Poland katika nusu fainali, ikajipanguza vumbi, ikaifunga Australia bao 1-0 na kuchukua medali ya shaba. Hiyo ndiyo ilikuwa medali ya kwanza ya soka ya Olimpiki kwa nchi yoyote ya Afrika. Kuffour alikuwamo katika kikosi kile, na alikuwa hajatimiza miaka 16.

Sasa mtu atasema: mtoto wa miaka 15 mwenye medali ya Olimpiki, huyo njia yake si imekwisha kunyooka? Hata kidogo.

Kituo chake cha kwanza Ulaya kilikuwa klabu ya Torino ya Italia. Ligi ya Italia miaka ile ndiyo iliyokuwa tajiri kuliko zote duniani, na kila mchezaji mkubwa alitaka kwenda huko. Torino yenyewe ilikuwa na Enzo Scifo wa Ubelgiji, Martín Vázquez wa Hispania na Casagrande wa Brazil, na mwaka 1992 ilifika fainali ya Kombe la UEFA. Hebu jiulizeni, kocha mwenye watu kama hao ana haja gani na mtoto wa Kumasi? Kanuni za wakati ule nazo hazikuruhusu timu kuwachezesha wageni zaidi ya watatu. Kuffour alibaki katika timu ya vijana. Katika ligi kuu ya Italia, klabu ile haikumchezesha hata mechi moja. Kisha Torino ikaanza kuyumba kifedha, na mwaka 1993 kijana akavuka milima ya Alps na kwenda Ujerumani, katika klabu ya Bayern Munich.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pana somo.

Aliingia Bayern akiwa na umri wa takriban miaka 17. Ni klabu kubwa kuliko zote nchini humo. Nafasi yake ilikuwa ulinzi, na mbele yake walikuwa wamepanga foleni watu wazima: Lothar Matthäus, nahodha wa Ujerumani iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1990, Thomas Helmer, Oliver Kreuzer, na Jorginho, Mbrazili aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1994. Kwa upande wa wageni, vuli ya mwaka 1994 Bayern ilikuwa na Jorginho huyo, Papin wa Ufaransa aliyekuwa Mchezaji Bora wa Ulaya wa mwaka 1991 na Sutter wa Uswisi. Hao peke yao ni watatu, na nafasi zilikuwa tatu. Katika mashindano ya Ulaya kulikuwa na nafasi mbili za ziada, lakini hizo zilikuwa za mgeni aliyekwisha cheza katika nchi hiyo miaka mitano mfululizo, mitatu kati yake katika timu za vijana. Kwa hiyo hata kama kijana wetu angekuwa mzuri kiasi gani, hesabu yenyewe ilikuwa inamkataa.

Isitoshe, makocha hawakutulia. Erich Ribbeck aliondolewa Desemba 1993. Franz Beckenbauer akaumalizia msimu na kuchukua ubingwa. Akaja Giovanni Trapattoni kwa msimu wa 1994/95. Akaja Otto Rehhagel, naye akaondolewa Aprili 1996, Beckenbauer akamalizia tena. Kisha Trapattoni akarudi. Kila kocha mpya kwa mchezaji kijana ni kama mwalimu mkuu mpya shuleni: sifa ulizozipata kwa yule aliyeondoka hazimo katika daftari la huyu. Unaanza upya kujitambulisha.

Labda mtaniuliza, kwa nini nasema mlinzi ndiye anayengoja kuliko wengine? Zipo sababu, na anayejua mpira atanielewa.

Kwanza, kocha anaweza kumwingiza mshambuliaji kijana dakika ya 75, timu ikiwa inaongoza au imekwisha kata tamaa, akamwambia nenda kajaribu bahati yako. Akikosa bao, watu wanasema bado mdogo. Akifunga, kesho yake yuko kwenye magazeti. Mlinzi hana bahati hiyo. Makocha hawapendi kugusa safu ya ulinzi katikati ya mchezo, na kosa la mlinzi mmoja ni bao. Mshambuliaji anaweza kukosea mara 9 na kusifiwa kwa ile ya 10. Mlinzi akifanya vizuri mara 9 na kukosea ya 10, inayokumbukwa ni hiyo ya 10. Kocha gani ataiweka kazi yake mwenyewe mikononi mwa mtoto?

Pili, mlinzi anacheza kwa mdomo. Beki wa kati ni kama mnadi mnadani, hanyamazi. Anamwambia beki wa pembeni apande au abaki, anamwita kiungo arudi, anamwonya kipa, anaitikia kipa anapoita. Yote hayo yanasemwa katika nusu sekunde, na huko yanasemwa kwa Kijerumani. Winga anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua lugha, akapewa mpira akakimbia nao. Beki asiyejua lugha ni hatari kwa timu yake. Kwa hiyo darasa la lugha kwake ni sehemu ya mazoezi, kama kukimbia au kupiga vichwa.

Tatu, mfumo. Wajerumani wa miaka ile walikuwa bado wanacheza na mtu wa nyuma kabisa, libero, kazi ambayo Matthäus aliifanya Bayern hadi karibu ametimiza miaka 40, na mbele yake walikuwapo mabeki wawili waliokabidhiwa washambuliaji wa upinzani, mtu na mtu wake. Kazi hiyo ndiyo iliyomfaa Kuffour. Hakuwa mrefu kwa beki wa kati, kimo chake ni kama sentimeta 178 tu, lakini alikuwa na mbio, alikuwa na nguvu, na hakuogopa mtu. Ila mbio na nguvu peke yake hazimfanyi mtu kuwa beki. Wengi wetu tumewaona viwanjani kwetu mabeki wenye mbio ambao kila mara wanakimbia kurekebisha makosa yao wenyewe. Kujua kusimama mahali pazuri kabla ya hatari kutokea, hilo hufundishwa polepole, na hufundishwa kwa kucheza mechi.

Na mechi ndizo zilizokosekana. Nafasi aliyopata katika timu kubwa chini ya Trapattoni ilikuwa ndogo. Kijana anayesugua benchi katika klabu kubwa anafanya mazoezi na mabingwa wa dunia kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi anakaa. Mwili unakuwa na nguvu, lakini macho hayazoei.

Basi msimu wa 1995/96 Bayern ilifanya jambo ambalo mtaani kwetu lingeonekana kuwa aibu: ilimpeleka kwa mkopo daraja la pili. Alikwenda 1. FC Nürnberg, jirani zao hapo hapo jimbo la Bavaria. Nürnberg ni klabu yenye historia, imewahi kuwa bingwa wa Ujerumani mara 9. Lakini wakati ule ilikuwa imeanguka, haina fedha, na ilikuwa ikikatwa pointi. Kocha pale alikuwa Hermann Gerland, ambaye hadi mwaka 1995 alikuwa anafundisha timu ya pili ya Bayern, kwa hiyo hakuwa mgeni kwa vijana wa klabu ile. Msimu haukuwa mwepesi. Gerland mwenyewe aliondoka kabla haujaisha, na mwisho wa msimu Nürnberg ikashuka hadi daraja la tatu.

Hebu tusimame hapo. Ni mwaka 1996. Kijana ana umri wa miaka 19. Miaka minne imepita tangu apate medali ya Olimpiki. Amepita katika nchi mbili na klabu tatu. Na klabu ya mwisho aliyoichezea imeshuka daraja. Kama angekuwa mtoto wa mtaani kwenu, mngemwambiaje? Wengi wangesema ameshindwa, arudi nyumbani. Wengine wangesema amelogwa. Na yule wakala wa mtaani angekuwa amekwisha hamia kwa mtoto mwingine.

Wakati huo huo mambo mawili yalikuwa yanabadilika bila yeye kuyagusa. La kwanza ni la mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya mchezaji wa Ubelgiji aitwaye Jean-Marc Bosman. Hukumu hiyo ilisema kwamba raia wa nchi za Umoja wa Ulaya hawezi kuhesabiwa kama mgeni katika klabu ya nchi nyingine ya Umoja huo, na kwamba mkataba ukiisha mchezaji yuko huru kwenda zake bila klabu kudai ada. Kwa Mwafrika hukumu ile haikumtaja, lakini ilimsaidia kwa mlango wa nyuma: Wazungu wenzao walipoacha kuhesabiwa, nafasi za wageni zilibaki kwa watu wa mabara mengine. La pili ni kwamba Trapattoni, kocha aliyekuwa akimjua, alirudi Bayern majira ya kiangazi ya 1996.

Kuffour naye akarudi kutoka Nürnberg. Safari hii hakurudi kama mtoto wa timu ya pili. Alicheza, na mwaka 1997 Bayern ikatwaa ubingwa wa Ujerumani. Mwaka 1998 ikatwaa Kombe la Ujerumani. Akaja kocha Ottmar Hitzfeld, na chini yake Kuffour akawa nguzo.

Ndipo ikafika ile fainali ya tarehe 26 Mei 1999, uwanja wa Camp Nou, Barcelona, mji ule ule alikopata medali yake miaka saba kabla. Bayern iliongoza kwa bao la Mario Basler la dakika ya 6 mpaka dakika 90 zikatimia. Katika dakika za nyongeza Manchester United wakarudisha kwa Sheringham, kisha Solskjær akanyoosha mguu akafunga la pili, Kuffour akiwa karibu naye kabisa. Bayern ikalala 2-1. Alianguka akapiga nyasi kwa ngumi, analia, hata mwamuzi Pierluigi Collina akaenda kumwinua, maana mpira ulikuwa bado haujaisha. Alikuwa na umri wa miaka 22. Nawaomba mkumbuke nilichosema juu ya mlinzi na lile kosa la 10. Dakika 90 za kazi safi mbele ya Dwight Yorke na Andy Cole, na picha iliyobaki duniani ni hiyo.

Kijana ambaye hakuwahi kuonja kushuka daraja, kukaa benchi na kusahauliwa, pigo kama lile lingeweza kummaliza. Yeye alirudi kazini. Bayern ikachukua ubingwa wa Ujerumani mwaka 2000 na 2001, na tarehe 23 Mei 2001, mjini Milan, ikaifunga Valencia kwa penalti na kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Novemba mwaka huo huo, Tokyo, katika mechi ya kugombea ubingwa wa mabara, beki huyu ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Boca Juniors ya Argentina. Mwaka 2001 BBC ikamtangaza Mchezaji Bora wa Afrika, heshima ambayo kwa kawaida huwaendea wafungaji. Alipoondoka Bayern mwaka 2005 kwenda Roma, alikuwa amecheza mechi 175 za ligi na kutwaa ubingwa wa Ujerumani mara 6.

Haya, tupige hesabu. Kutoka medali ya Olimpiki hadi ubingwa wake wa kwanza akiwa mchezaji wa kutegemewa ni miaka mitano. Hadi Kombe la Ulaya ni miaka tisa. Huyo ni kijana aliyekuwa na kipaji cha kuonekana na dunia nzima akiwa na miaka 15. Sasa yule mtu anayekwambia mwanao atakuwa anatuma fedha nyumbani baada ya miezi sita, anazungumzia mpira upi?

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kungoja peke yake kunatosha. Mstahimilivu hula mbivu, ndiyo, lakini anayestahimili chini ya mti usio na matunda atalala na njaa. Kuffour alingoja mahali palipokuwa na kocha kila siku, mkataba, mshahara na klabu iliyokuwa na faida ya kumwona akikua. Bayern ilipompeleka Nürnberg haikumtupa, ilimwazima, na ilijua siku ya kumrudisha.

Mtazameni mwenzake wa kizazi kile kile, Nii Lamptey. Katika ubingwa ule wa vijana wa mwaka 1991, yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari anaifungia Anderlecht ya Ubelgiji mabao katika ligi kuu. Yeye alikuwa mshambuliaji, hakungoja. Mwaka 1993 akaenda PSV ya Uholanzi, 1994 Aston Villa ya Uingereza, 1995 Coventry, kisha Italia, Argentina, Uturuki, Ureno, Ujerumani, hadi China. Kila mahali muda mfupi. Mwenyewe ameeleza hadharani kwamba alisaini karatasi ambazo hakuweza kuzisoma, na kwamba wakala ndiye aliyekuwa na sauti juu ya wapi aende na fedha ziende kwa nani. Baadaye, aliporudi Ghana, Lamptey alifungua shule mjini Accra. Sijui kama kuna maelezo yanayoshinda hayo.

Kwetu Afrika Mashariki pia tunao walinzi wa kutufundisha. Joseph Okumu wa Kenya alicheza Afrika Kusini, akaenda Marekani katika timu ya Real Monarchs, ambayo ni timu ya pili ya klabu nyingine, akaonekana katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2019 huko Misri, akachukuliwa na Elfsborg ya Sweden, 2021 akaenda Gent ya Ubelgiji na 2023 Reims ya Ufaransa. Ni ngazi kwa ngazi, hakuruka. Shomari Kapombe wa Tanzania alikwenda AS Cannes ya Ufaransa mwaka 2013, wakati ikiwa daraja la nne, na mwaka 2014 alikuwa amerudi nyumbani akichezea Azam. Wapo waliomcheka. Lakini alirudi akiwa na miguu yake na akili yake, akaendelea kuwa beki wa kutegemewa wa Simba na timu ya taifa kwa miaka mingi. Kurudi si kufa.

Sasa tuje kwenye sheria, maana imebadilika sana tangu enzi za Kuffour, na matapeli wanaishi kwa kutegemea kwamba hamuijui. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya umri wa miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine. Zipo ruhusa chache: kama wazazi wenyewe wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, kama ni kijana wa miaka 16 hadi 18 anayehama ndani ya Umoja wa Ulaya, au kama anaishi karibu sana na mpaka wa nchi ya klabu hiyo. Mtoto wa miaka 15 kutoka Mwanza au Kisumu hayumo katika ruhusa hizo za Wazungu. Hili si jambo la maandishi tu. Mwaka 2014 FIFA iliifungia Barcelona kusajili wachezaji kwa vipindi viwili vya usajili kwa kosa la kusajili watoto wa kigeni. Kama Barcelona yenyewe iliadhibiwa, huyo bwana mwenye mkoba aliyekaa sebuleni kwako ana njia gani ambayo Barcelona hawakuijua?

Pili, wakala wa kweli ana leseni. Tangu mwaka 2023 FIFA imerudisha mtihani, na anayefaulu jina lake hutangazwa katika orodha inayoweza kusomwa na mtu yeyote. Muulize jina lake kamili kama lilivyo katika leseni, kisha nenda katika ofisi za shirikisho la soka la nchi yako ukaulize. Akikasirika kwa sababu umeuliza, umekwisha pata jibu.

Tatu, klabu inayomtaka mchezaji humwalika kwa barua yenye anuani, na kwa kawaida ndiyo inayogharamia safari. Uhamisho hupita kwa shirikisho la huku na la kule, kwa hati ya uhamisho wa kimataifa. Haupiti katika simu ya mkononi ya mtu binafsi. Na mkataba usomwe na mtu anayeijua lugha hiyo na anayekutakia mema kabla ya mtoto kushika kalamu. Ulizeni mambo ya kawaida kabisa: atalala wapi, atasoma nini, akiumia goti nani atamtibu, na mambo yakishindikana nani atalipa tiketi ya kurudi. Wakala asiye na jibu la tiketi ya kurudi hana haki ya kudai ya kwenda.

Kuna neno pia kwa viongozi wa timu zetu za mitaani. Kanuni zinasema mchezaji anapouzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Klabu iliyomlea kwa misimu miwili kati ya umri wa miaka 16 na 18 ina haki ya asilimia 1. Akiuzwa kwa dola milioni 1, hiyo ni dola 10,000; kwa timu isiyo na mipira ya kutosha ni mali. Lakini haki hiyo huenda kwa klabu iliyomsajili kihalali na yenye kumbukumbu. Timu inayoandika majina ya wachezaji nyuma ya boksi la sigara itadai kwa ushahidi gani?

Basi kwa mzazi anayeuliza kama auze kiwanja, jibu langu ni hili: usiuze. Kama mwanao ni beki mzuri, mwache acheze mechi nyingi hapa nyumbani, katika timu yenye kocha na yenye daftari, amalize shule, ajifunze lugha moja ya wenzetu. Akifika miaka 18 akiwa bado ni mzuri, klabu inayomtaka itamfuata kwa barua na tiketi yake. Na siku hiyo ikifika, msimhesabie miezi. Mhesabieni miaka mitano, na katika miaka hiyo mkipigiwa simu kwamba amepelekwa kwa mkopo katika timu ya daraja la pili, msilie. Ulizeni tu kama anacheza.